Kindi wa kinamasi cha Florida na eneo analohitaji ili aishi

KINDI, au kuchakuro kama aitwavyo katika sehemu nyingi za Pwani, si mnyama ambaye watu humhusisha na maji. Wengi wetu humjua akiruka juu ya matawi ya mwembe, au akikimbia juu ya ua akiwa na punje ya mahindi kinywani. Lakini kusini-magharibi mwa jimbo la Florida, nchini Marekani, yupo kindi ambaye kwa karibu nusu ya kila mwaka huishi katika msitu uliosimama ndani ya maji. Huyo ni kindi-mbweha wa Big Cypress, ambaye wanasayansi humtambua kwa jina Sciurus niger avicennia.

Jimbo la Florida limemworodhesha miongoni mwa wanyama wake wanaokabiliwa na tishio la kuangamia, na kumwinda ni marufuku. Serikali kuu ya Marekani, kwa upande wake, iliamua mwaka 2002 kwamba hapakuwa na sababu za kutosha kumwingiza katika orodha ya taifa. Baina ya misimamo hiyo miwili kuna swali moja ambalo wataalamu wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 30: kindi mmoja wa kinamasini huhitaji ardhi ya kiasi gani, na ya aina gani? Asiyejua jibu lake hawezi kukadiria wamebaki wangapi, wala hawezi kusema kama kipande fulani cha msitu kilichoachwa bila kujengwa kinatosha au ni cha kupumbaza macho tu.

Jina lililotoka Bukhara

Kindi-mbweha kama spishi ameenea katika sehemu kubwa ya mashariki na ya kati ya Marekani. Jina la mbweha alilipata kutokana na rangi ya hudhurungi iliyoiva kuwa nyekundu, waliyo nayo wengi wa ndugu zake wa kaskazini. Ndiye mkubwa zaidi kati ya kindi wapandao miti wa Amerika ya Kaskazini, na aliyekomaa huweza kukaribia uzani wa kilo moja, na hata kuupita. Wale wa Big Cypress ni wadogo kidogo kuliko wenzao wa Florida ya kati, na rangi zao hazilingani. Wapo wenye mwili wa rangi ya mchanga na kichwa cheusi, wapo walio karibu weusi tititi, lakini wengi wana pua na masikio meupe. Weupe huo ndio humtofautisha kwa haraka na kindi wa kijivu, mnyama mdogo kuliko yeye ambaye amejaa katika bustani za miji ya Marekani.

Mtaalamu wa wanyama Arthur Howell ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1919, kwa kutumia mnyama aliyepatikana Everglade, makazi madogo yaliyo mahali ambapo misitu ya kinamasi hukutana na mikoko ya Ghuba ya Mexico. Avicennia ni jina la jenasi ya miti ya mikoko, na msomaji wa Lamu, Kilifi au Vanga anamfahamu mmoja wa jamii hiyo: mchu. Jenasi hiyo ilipewa jina na Carl Linnaeus katika karne ya 18 kwa kumuenzi Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, ambaye Wazungu walimwita Avicenna. Sina hakika kama Howell, alipokuwa akiandika maelezo yake, alimfikiria kwa lolote tabibu huyo. Hata hivyo jina limebaki, ingawa siku hizi inaeleweka kwamba mikoko ni ukingo tu wa nchi ya kindi huyu. Kiini cha nchi hiyo kiko ndani zaidi, katika kinamasi cha maji baridi.

Maana ya eneo la mzunguko

Wanasayansi wanapozungumzia ardhi anayoitumia mnyama mmoja, hulitaja eneo lake la mzunguko. Maana inayotumiwa hadi leo ilitolewa mwaka 1943 na mtaalamu wa Kimarekani William Burt: ni eneo analopita mnyama katika shughuli zake za kawaida za kutafuta chakula, kujamiiana na kulea wanawe. Safari ya nadra aliyoifanya mara moja nje ya eneo hilo, labda kwenda kuchungulia mahali pageni, haihesabiwi.

Eneo la mzunguko halipaswi kuchanganywa na himaya. Himaya hulindwa dhidi ya wengine, ilhali eneo la mzunguko laweza kutumiwa na wanyama kadhaa bila ugomvi. Mfugaji wa Tana River ana malisho ya wakati wa mvua na malisho ya wakati wa kiangazi, ana visima anavyovitegemea na njia anazozipita kila mwaka, lakini hajajenga ukuta kuyazunguka yote hayo, na jirani yake hupita humo humo. Kindi-mbweha dume anaishi kwa namna inayokaribiana na hiyo. Maeneo ya madume hupishana sana, na dume mmoja hupita katika maeneo ya majike kadhaa. Majike huvumiliana kidogo zaidi, hasa katika sehemu ya kati ya eneo, ambako kila mmoja hulea watoto wake bila msaada wa dume.

Kulipima eneo hilo ni kazi ya subira. Kindi hunaswa kwa mtego wa kisanduku usiomdhuru, hufungwa shingoni ukanda wenye kifaa kidogo cha redio, kisha huachiliwa. Mtafiti hubeba antena na kusikiliza upande ambao mlio unatoka kwa nguvu zaidi. Akifanya hivyo kutoka sehemu mbili au tatu tofauti na kuchora mistari kwenye ramani, pale mistari inapokutana ndipo alipo kindi. Baada ya miezi kadhaa ramani hujaa nukta. Njia ya kale ni kuunganisha nukta za nje kabisa kwa mistari iliyonyooka na kupima ukubwa wa umbo linalopatikana. Kasoro yake ni kwamba nukta moja ya mbali hulivimbisha eneo zima, na sehemu ambazo mnyama hakanyagi kamwe huhesabiwa kuwa zake. Kwa sababu hiyo njia za kihesabu zilizoenea tangu miaka ya 1990 hutazama msongamano wa nukta, zikaonyesha mahali mnyama anapotumia muda mwingi na mahali anapopita tu.

Katika msitu mkavu, kazi hiyo huchosha miguu. Katika kinamasi, mtafiti hutembea ndani ya maji yanayofika magotini na wakati mwingine kiunoni, akichunga mamba na nyoka wa majini, huku mlio wa redio ukikatizwa na vigogo. Ongeza hapo kwamba kindi-mbweha wa msituni ni mwoga na haingii mtegoni kwa urahisi. Hii ndiyo sababu mnyama mkubwa kiasi hicho, anayetembea mchana kweupe, alibaki muda mrefu bila kuchunguzwa katika makao yake ya asili.

Takwimu zinazojulikana vyema zaidi kuhusu jamii hii katika Florida zinatoka nje ya kinamasi. Angela Kantola na Stephen Humphrey walichapisha mwaka 1990 uchunguzi wao kuhusu kindi-mbweha wa spishi ndogo ya Sherman, anayeishi katika nyanda za mchanga za kaskazini ya kati. Waligundua kwamba dume alitumia wastani wa hekta 42.8 na jike hekta 16.7. Kwa vipimo tulivyovizoea, dume alihitaji zaidi ya ekari 100, sawa na viwanja 60 hivi vya kandanda, na jike ekari 41. Kindi wa kijivu, kwa kulinganisha, mara nyingi humaliza maisha yake ndani ya hekta chache tu. Kule kaskazini zaidi, katika rasi ya Delmarva inayogawanywa na majimbo ya Delaware, Maryland na Virginia, kindi-mbweha wa huko hutumia takriban hekta 16.

Kwa nini tofauti hizo? Dume hutembea zaidi kwa sababu hutafuta majike walio tayari kupandwa, na majike hao wametawanyika. Jike hulazimika tu kufikia chakula cha kumtosha yeye na wanawe. Aidha, ukubwa wa eneo hufuata umaskini wa ardhi. Pale ambapo chakula kimejaa, mnyama hana sababu ya kwenda mbali. Pale ambapo miti yenye mbegu iko mbalimbali, na kila aina huzaa kwa wakati wake, eneo hupanuka. Ekari 100 za dume wa nyanda za mchanga hazimaanishi kwamba mnyama huyo ni tajiri wa ardhi.

Nchi yenye kuba

Hifadhi ya Kitaifa ya Big Cypress iliundwa Oktoba 1974, na baada ya kupanuliwa kwa sheria ya mwaka 1988 imefikia zaidi ya ekari 700,000. Isingekuwepo kama mipango ya mwaka 1968 ingetimia, kwani hapo palikusudiwa kujengwa uwanja mkubwa wa ndege. Mradi ulisimamishwa mwaka 1970 baada ya upinzani mkali, wakati njia moja ya ndege ilikuwa imekwisha kutandazwa lami. Njia hiyo bado ipo katikati ya kinamasi, na mwaka 2025 serikali ya jimbo ilijenga hapo kambi ya kuwazuilia wahamiaji, jambo lililoamsha tena mabishano na kesi mahakamani. Jamii za wenyeji wa Seminole na Miccosukee, walioishi humo kabla ya hifadhi, walihifadhiwa haki zao za matumizi ya kimila.

Jina Big Cypress lamaanisha msaiprasi mkubwa, lakini ukubwa unaotajwa ni wa eneo na wala si wa mti. Miti mirefu ya kale ilikatwa kwa wingi kati ya miaka ya 1930 na 1950, na mingi iliyobaki ni mifupi na yenye vigogo vyembamba. Msaiprasi wa huko usichanganywe na ule uliopandwa kuzunguka maboma ya nyanda za juu za Kenya. Yote miwili ni ya familia moja ya mimea, ila wa Florida hustahimili mizizi yake kufunikwa na maji kwa miezi mingi, na kila majira ya baridi hupukutisha majani yote na kusimama uchi kama mti uliokufa.

Ardhi yote hiyo iko mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Karibu ni tambarare kabisa, na tofauti ya kimo cha sentimita 30 hubadilisha msitu mzima. Palipoinuka kidogo huota misonobari, na chini yake nyasi na mikindu mifupi yenye mashina makali kama msumeno. Palipoinuka zaidi huwa na visiwa vya mialoni na miti mingine ya majani mapana, vilivyosongamana na vyenye giza. Palipobonyea maji hutuama, matabaka ya mboji hujengeka, na misaiprasi hushika nafasi. Miti iliyo katikati ya bonde hilo dogo huwa mirefu kuliko ya pembezoni, kiasi kwamba ukitazama kwa mbali huona kilima cha majani kilichochongwa mviringo. Wenyeji huziita kuba, na mtu mgeni huenda akaamini kweli kwamba chini yake ardhi imeinuka, kumbe imezama.

Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba. Maji hujaza kuba kwanza, kisha hufurika katika nyasi na hata chini ya misonobari, yakitiririka polepole mno kuelekea kusini-magharibi hadi baharini. Kuanzia Novemba hupungua, na ifikapo Aprili sehemu nyingi hukauka na kupasuka.

Kila msitu na kazi yake

Mwaka 2016, jarida la Journal of Mammalogy lilichapisha utafiti wa John Kellam na wenzake, uliowafuata kindi hao ndani ya hifadhi yenyewe, katika mchanganyiko wa kuba za msaiprasi na misitu ya misonobari. Mchanganyiko huo ndio jambo la kuzingatiwa. Kindi wa Big Cypress hawezi kuelezwa kuwa mnyama wa msaiprasi wala wa msonobari. Anaishi kwa kupita kati ya yote mawili, na mara kwa mara huingia visiwa vya mialoni pia.

Misonobari humpa mbegu. Katika miezi ya mwisho ya kiangazi cha huko, kindi huzikata koni zingali mbichi na kuzibambua ganda baada ya ganda, akaacha chini rundo la maganda ambalo mtafiti hulitambua mara moja. Kufikia majira ya kupukutika majani, koni ndogo za mviringo za msaiprasi nazo huwa zimekomaa. Mikindu na mitende mwitu huzaa wakati wake, mialoni huangusha kokwa zake, na katika miezi ya uhaba hula machipukizi, maua na kuvu. Hakuna hata chakula kimoja kati ya hivi kinachomtosha mwaka mzima. Mnyama aliyefungiwa ndani ya kuba moja angekula vizuri kwa majuma kadhaa, kisha angelazimika kuondoka au kufa.

Kindi-mbweha wa mahali pakavu hufukia akiba ya mbegu ardhini, moja hapa na nyingine pale, na kuzifukua wakati wa njaa. Katika kinamasi mbinu hiyo haina nafasi wakati ardhi imefunikwa na maji. Hilo nalo humsukuma kutembea, kwa kuwa asichoweza kukiweka hana budi kukitafuta kila siku.

Msaiprasi humpa kitanda. Juu ya matawi yake huota mimea ya jamii ya mananasi isiyogusa udongo, yenye majani magumu yaliyopangika kama kikapu. Kindi huingia katikati ya mmea kama huo, hutandika nyuzi za gome la msaiprasi alizozichambua kwa meno, na kupata kiota kilichokingwa upepo na jua. Wapo pia wanaojenga viota vya vijiti na majani, au kujificha katika vichwa vya mitende. Kindi mmoja huwa na viota kadhaa kwa wakati mmoja na huhama kutoka kimoja hadi kingine. Anayepita chini haoni kitu ila mnanasi mwitu juu ya tawi, na watu waliotumwa kuhesabu viota wamepita chini yake bila kujua.

Kuba lenye maji lina faida nyingine. Paka-mwitu hapendi kuogelea ili kumfikia kindi, na moto hauingii kwa urahisi. Kindi mwenyewe huweza kuogelea inapobidi, lakini katika msitu wenye matawi yanayokaribiana hupita juu kwa juu.

Mnyama anayehitaji moto

Kinachowashangaza wasomaji wengi ni kwamba mnyama huyu wa majini anauhitaji moto kuliko anavyouogopa. Kindi-mbweha ni mtembea chini. Tofauti na kindi wa kijivu, ambaye hukimbilia mti wa karibu na kubaki juu, yeye hukimbia ardhini kwa mikupuo mirefu, husimama kwa miguu ya nyuma na kutazama mbali. Hupenda msitu ulio wazi, wenye miti mikubwa iliyoachana na nyasi fupi katikati, ambamo atamwona adui kabla adui hajamwona.

Msonobari wa kusini mwa Florida umezoea kuunguzwa kila baada ya miaka michache na radi zinazokuja na mvua za kwanza. Moto huo wa chini hula nyasi na vichaka, huacha miti mikubwa ikiwa na gome jeusi lakini hai, na baada ya majuma machache ardhi huchipua upya. Moto ukizuiwa kwa miaka mingi, vichaka huota hadi kumfika mtu kifuani, mikindu hufunga njia, na kindi-mbweha huondoka. Mahali pake huchukuliwa na kindi wa kijivu, ambaye kichaka hakimsumbui. Kwa mtu wa mjini msitu huo uliosongamana huonekana wenye afya zaidi, na wako waliojenga pembezoni mwa hifadhi ambao hulalamikia moshi. Hata hivyo idara ya mbuga za kitaifa imeendelea kuchoma sehemu za Big Cypress kwa mpango, zamu kwa zamu, na mpango huo ni mmoja wa mikubwa zaidi katika mbuga za Marekani.

Maji na moto havitengani katika jambo hili. Kuba lenye unyevu huzima moto unapofika ukingoni mwake. Kuba lililokaushwa na mifereji hushika moto hadi ndani ya mboji, moto ukaendelea kuteketea chini kwa chini kwa siku nyingi na kuua mizizi ya msaiprasi. Kwa hiyo anayechimba mfereji kilomita kadhaa kutoka hifadhini huweza kuharibu viota vya kindi asiyemjua, bila kukata hata tawi moja.

Kindi wa uwanja wa gofu

Mengi yaliyoandikwa kuhusu mnyama huyu hayakutoka msituni. Karibu na mji wa Naples, kwenye pwani ya magharibi, misonobari na misaiprasi iliachwa imesimama kati ya njia za kuchezea gofu, na kindi-mbweha wakabaki nayo. Uchunguzi wa Patrick Jodice na Stephen Humphrey uliochapishwa mwaka 1992, na ule wa Rebecca Ditgen na wenzake wa mwaka 2007, ulifanywa katika viwanja vya namna hiyo. Sababu ni rahisi: nyasi zimekatwa, wanyama wamezoea watu, na mtafiti habebi viatu vya mpira.

Kwa kweli uwanja wa gofu unafanana kwa mbali na msitu uliochomwa. Una miti mikubwa iliyoachana, nyasi fupi na mwonekano mpana. Una pia mitende na mitini iliyoletwa kutoka nchi nyingine, inayozaa matunda wakati miti ya kienyeji haina kitu. Si ajabu kwamba kindi hustawi humo. Ila takwimu za humo lazima zishikwe kwa uangalifu. Chakula kikiwa tele eneo la mzunguko hupungua, na wanyama huweza kuishi kwa msongamano ambao kinamasi halisi hakiwezi kuuhimili. Mtu akichukua idadi ya kindi kwa ekari moja ya uwanja wa gofu na kuizidisha kwa ekari 700,000 za hifadhi, atapata hesabu ya kufurahisha isiyokuwa na kindi ndani yake.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana haraka. Uwanja huzungukwa na nyumba na barabara za magari mengi. Kindi kijana anapotoka kwa mama yake kutafuta eneo lake mwenyewe, hana pa kwenda isipokuwa kuvuka lami. Kundi linaloonekana kunawiri laweza kuwa limefungiwa, bila damu mpya kuingia wala vijana kutoka, na kukatwa kwa safu moja tu ya misonobari ya zamani kukaliyumbisha lote. Maombi ya wataalamu kwa wananchi waripoti kila wanapomwona kindi-mbweha yamesaidia kuchora ramani ya alipo, ingawa ramani za namna hiyo hufuata mno barabara na bustani, mahali walipo watu wenye simu. Katikati ya kinamasi hubaki peupe, na weupe huo wa karatasi si ushahidi kwamba hakuna mnyama.

Tishio jipya nalo limeongezeka kutoka mashariki. Chatu wa Burma, waliofugwa majumbani na kisha kutoroka au kutupwa, wamezaliana katika mbuga jirani ya Everglades na kuenea hadi Big Cypress. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba baadhi ya wanyama wa ukubwa wa kati, waliokuwa wakionekana kila usiku katika barabara za Everglades, walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kindi hulala juu na hutembea mchana, na hilo humpa nafuu fulani. Lakini chatu hupanda miti pia.

Mifereji inayozibwa

Mashariki mwa Naples kuna eneo la Picayune Strand. Katika miaka ya 1960 kampuni moja ya kuuza viwanja ilichimba humo mifereji mirefu ya kukausha kinamasi na kutandaza mtandao wa barabara, kisha ikawauzia viwanja watu wa mbali ambao wengi wao hawakuwa wamefika huko hata mara moja. Mji uliotarajiwa haukujengwa. Zilibaki barabara zisizo na nyumba, na mifereji iliyoendelea kunyonya maji usiku na mchana hadi misaiprasi ikakauka na moto kuingia.

Serikali ya jimbo ilivinunua viwanja hivyo kimoja kimoja, kazi iliyochukua miaka mingi kwa kuwa wamiliki walikuwa maelfu. Eneo hilo la zaidi ya ekari 50,000 sasa ni sehemu ya mpango mkubwa wa kurejesha maji ya Everglades ulioidhinishwa na Bunge la Marekani mwaka 2000. Mfereji wa kwanza, ule wa Prairie ulio mashariki zaidi, ulianza kuzibwa mwaka 2004. Barabara zimebomolewa na kifusi chake kutumiwa kujazia mifereji, na vituo vya pampu vimejengwa upande wa kaskazini ili maji yatandazwe juu ya ardhi badala ya kukimbizwa baharini.

Maji yakirudi, misaiprasi huanza kuchipua pale ilipopatia mbegu, lakini mchipuko haubebi mnanasi mwitu wa kulalia kindi, wala msonobari mchanga hauzai koni za kushibisha jike mwenye watoto. Miti hiyo itahitaji miongo kadhaa kukua. Kwa sasa, kindi wanaoonekana hapo hutegemea vipande vya msitu mkongwe vilivyoponea mifereji, wakivuka nyasi zilizoko katikati wakati wa kiangazi, na kuzivuka tena kabla ya mvua za Mei kuzifunika.